Sura Moja, Damu Mbili

Kwa karibu miaka thelathini nilikaa dirishani pale ofisi ya gazeti letu la mji mdogo wa Louth, Uingereza, nikipokea matangazo ya vifo, ndoa, mbwa waliopotea na makochi yanayouzwa. Nyuma yangu palikuwa na mlango wa mbao usiofunga vizuri, na nyuma ya mlango huo alikaa Hedley Odling, msoma prufu. Kila kilichochapwa katika jengo lile, kuanzia gazeti lenyewe hadi kadi za mazishi, kilipita kwanza mbele ya macho yake na ncha ya kalamu yake nyekundu. Mtu wa Louth hakuweza kuzaliwa, kuoa wala kuzikwa bila Hedley kuhakikisha kwamba jina lake limeandikwa sawa. Hata hivyo, ungewauliza watu wa mjini habari zake, nusu yao wangekuuliza Hedley yupi huyo.

Alizaliwa mwaka 1912 kule Riverhead, ambako baba yake alikuwa kuli wa kupakua nafaka kwenye mashua za mfereji. Alipokuwa na miaka minne alipata surua, na ilipoondoka iliondoka na sikio lake la kushoto. Shuleni alikuwa akichanganya maneno. Mwalimu akitaja neno moja, yeye anaandika jingine linalosikika kama hilo, na viboko vinafuata. Mtoto mwingine angechukia maneno. Hedley akaanza kuyashuku, jambo ambalo si sawa na kuyachukia. Aliniambia mara moja kwamba tangu hapo, maneno mawili yakifanana mlio, hakuyaamini mpaka aende kuuliza kwao.

Akiwa na miaka kumi na minne aliingia chumba cha uchapaji, akawa anapanga herufi za risasi moja moja. Vita vilipokuja jeshi lilimkataa kwa sababu ya sikio. Wenzake walipoondoka, yeye akapewa meza ya prufu, na hakuiacha tena. Aliishi peke yake katika nyumba ndogo ya matofali mekundu karibu na bwawa la kinu, akilima maharage na vitunguu, na Alhamisi mchana, maduka yanapofungwa, akienda maktaba kusoma kamusi kubwa yenye juzuu nyingi, kama wengine wanavyokwenda kutazama mpira.

Mke alimpata kupitia dirisha langu. Mwaka 1952 alikuja mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza vitambaa katika duka la Mercer Row, mjane anayeitwa Ivy Dannatt. Alitaka kutangaza baiskeli ya marehemu mumewe, baharia wa meli za mizigo aliyezama wakati wa vita kabla ya mtoto wao kuzaliwa. Niliandika tangazo, nikalipeleka ndani. Baada ya dakika moja Hedley akatoka mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akamuuliza yule mama kama jina la Dannatt lina N mbili na T mbili. Ivy akamwambia ndiyo, mbili na mbili, na kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza mjini kumuuliza. Baiskeli haikuuzwa. Mwaka uliofuata Hedley akawa anaiendesha kuja nayo kazini.

Mtoto aliitwa Thelma. Alikuwa na miaka tisa mama yake alipoolewa, msichana mwembamba mwenye nyusi nzito na tabia ya kusubiri kabla ya kujibu.

Hapa inabidi nieleze jambo dogo la lugha yetu, maana bila hilo kisa hiki hakina miguu. Sisi Waingereza baba wa kambo tunamwita “stepfather”, na mtoto wa kambo “stepchild”. Kile kipande cha mbele, “step”, tunakitamka na kukiandika sawasawa na hatua ya mguu, au kidato cha ngazi. Watu wengi hutumia neno hilo maisha yao yote bila kujiuliza hatua imeingiaje katika habari za ndoa. Thelma alijiuliza. Jioni ya kwanza ya wao watatu kukaa meza moja, Ivy alimwambia kwamba kuanzia leo Bwana Odling ni baba yake wa kambo. Thelma akasubiri kidogo, kisha akasema anajua maana yake.

“Ni baba aliyekaa kidato kimoja chini ya baba.”

Ivy akacheka kwa aibu, akamwambia ale viazi vyake. Hedley aliponisimulia jambo hilo, miaka ishirini na moja baadaye, bado alikumbuka kwamba kwenye sahani yake kulikuwa na soseji mbili na kwamba moja ilikuwa imepasuka.

Angeweza kwenda maktaba Alhamisi ile ile akauliza neno lile kwao, kama alivyoyauliza mamia ya mengine. Hakwenda. Alidhani mtoto amesema kweli, na mtu haendi kutafuta ushahidi wa jambo linalomuumiza.

Miaka saba ilipita, na nadhani ilikuwa mizuri. Ivy alikuwa mwanamke wa maneno mengi na aliyasambaza nyumbani kwa wote. Akimwambia Hedley kile alichofikiri Thelma, na akimwambia Thelma kile alichokusudia Hedley, wote wawili wakawa wamezoea kuishi kwa mkalimani. Halafu asubuhi moja ya Mei mwaka 1960 alianguka uani akianika shuka, na mpaka jirani alipoufikia ukuta wa ua, Ivy alikuwa ameshakata roho. Mimi ndiye niliyepokea tangazo. Hedley alilileta akiwa ameliandika kwa mkono wake, nikalipeleka ndani mezani kwake, akakaa akalisoma prufu. Niliona kupitia ule mlango kwamba alilisoma mara nne. Halikuwa na kosa.

Thelma alikuwa na miaka kumi na sita. Wakabaki wawili na nyumba. Sikuwa ndani yake, kwa hiyo nasema tu yale niliyoambiwa baadaye na kila mmoja wao, na walisema mamoja. Msichana akisimulia habari za shuleni, Hedley alisikiliza kwa lile sikio moja mpaka mwisho, kwa makini sana, kisha akamrekebisha neno. Si kwa ukali. Alisema tu kwamba hapo neno sahihi ni lile, si hili. Alikuwa anaonyesha kwamba alisikiliza. Hakuwa na njia nyingine ya kuonyesha. Thelma akapunguza kusimulia. Mwisho wakawa wanazungumzia makaa ya mawe na nani ataosha vyombo.

Alipotimiza miaka kumi na minane alipata kazi Hull, ng’ambo ya mto Humber, katika ofisi ya simu ya mji, miongoni mwa wale wasichana wanaokaa safu moja na vifaa masikioni wakiunganisha watu. Aliondoka na sanduku la mama yake. Wiki tatu baadaye ikafika barua.

Najua ilifika kwa sababu Hedley aliileta kazini. Aliiweka mezani kabla hata ya kuvua koti, akaisawazisha kwa kiganja. Kurasa nne, zimejaa pande zote. Nilipita kupeleka matangazo nikamwona ameinamia barua hiyo, uso umefunguka, karibu kutabasamu. Nikafurahi moyoni kwa ajili yake. Nilikuwa nimeshafika mlangoni ndipo nikaona ile kalamu nyekundu mkononi.

Nilipaswa kusema kitu. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Lakini nilikuwa mwanamke wa dirishani na yeye alikuwa mzee wa meza, na nilidhani labda anaandika jibu. Kumbe alikuwa anaisahihisha: koma, herufi kubwa, neno lililorukwa, alama zile za pembeni ambazo wachapaji tu ndio wanazielewa. Alipomaliza aliikunja vizuri, akaitia katika bahasha pamoja na jibu lake la ukurasa mmoja, akairudisha Hull.

Thelma hakuandika tena. Kila Krismasi ikaja kadi ya dukani, maneno yake yote yamechapwa kiwandani, na chini yake jina moja tu. Hapo hapakuwa na cha kusahihisha. Hedley hakujua amekosa nini. Aliniuliza mara moja, mwaka wa pili, kama wasichana wanaofanya kazi za simu huwa na shughuli nyingi sana. Nikamwambia nasikia ni kazi ya kuchosha.

Ni katika miaka hiyo alipoanza safu yake. Tangazo moja lilifutwa dakika za mwisho, ukurasa ukabaki na shimo la ukubwa wa kiganja, na mhariri akatoka akiuliza kama kuna mtu mwenye kitu chochote cha kujaza. Hedley akampa karatasi kutoka mfukoni. Aliandika kwamba “pen” na “pencil”, ambazo kila mtoto wa shule anadhani ni mtu na mdogo wake, hazijuani kabisa. Ya kwanza ilianza kama neno la unyoya wa ndege, ya pili ilianza kama neno la mkia mdogo, na kilichozikutanisha ni kwamba zote mbili zilikuja kukaa katika mfuko mmoja. Mhariri akasoma, akasema si mbaya, akaiweka pale. Wiki iliyofuata watu watatu waliandika barua. Basi Hedley akapewa lile shimo moja kwa moja, na juu yake kichwa alichokichagua mwenyewe: Sura Moja, Damu Mbili.

Aliandika kwa miaka kumi na saba. Aliandika kuhusu “island” na “isle”, maneno mawili ya kisiwa ambayo yanafanana kwa sababu tu wasomi wa zamani walidhani ni ndugu wakalitia la kwanza herufi S isiyo yake. Aliandika kwamba “ear” la sikio na “ear” la suke la ngano ni wageni waliokutana njiani. Aliandika pia kuhusu “belfry”, mnara wa kengele, akasema kwamba kengele, ambayo kwetu ni “bell”, haikuwamo katika neno hilo tangu mwanzo. Neno lilikuwa la mnara wa vita, wa magurudumu, wa kusukumia kwenye kuta za mji. Kengele zilipandishwa baadaye na watu wakaona jina linafaa. Hiyo ilileta fujo. Mkuu wa wapiga kengele wa kanisa letu, fundi bomba mmoja anayeitwa Sid Leake, alikuja dirishani akiwa na gazeti limekunjwa kama rungu.

“Mwambie huyo mtu wako atoke,” akasema. “Miaka thelathini navuta kamba mle ndani, leo naambiwa kengele ni mpangaji?”

Nikamwambia Bwana Odling yuko kazini.

“Na mimi nilikuwa kazini nilipoliona hili. Nilikuwa chini ya sinki la watu. Nusura nijigonge kichwa.”

Hedley akatoka, akamweleza polepole, mwaka kwa mwaka, kutoka Kifaransa cha kale na kuendelea. Sid alisikiliza, akakuna shingo, akasema kumbe, akaondoka. Nilimtazama Hedley akirudi ndani. Alikuwa amechangamka kama mtu aliyetoka harusini. Nikafahamu kwamba hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote aliyofanya na mtu mwezi ule.

Barua za wasomaji alizihifadhi katika makasha ya viatu. Alijibu kila moja. Kulikuwa na padri mstaafu wa Alford, na mkulima wa viazi aliyeandika nyuma ya karatasi za mbolea, na mama mmoja wa Horncastle aliyekuwa akiuliza swali lile lile kila mwaka. Kwa hesabu yangu alikuwa na marafiki arubaini ambao hajawahi kuwaona. Jumapili alikula peke yake, akalima, akasikiliza redio kwa sikio la kulia, akalala.

Mwanzoni mwa 1974 ikaja barua kutoka Mablethorpe, pwani. Aliyeiandika alikuwa mwanamke aliyelea watoto watatu wa mumewe. Alisema kwamba mdogo wao, sasa mtu mzima, alikuwa amemtania akimwita mama wa kidato, na yeye amecheka, lakini usiku hakulala. Akamwomba Bwana Odling amwambie, kama anajua, hatua iliingiaje hapo. Je, ni kwa sababu wao ni hatua moja mbali na moyo?

Hedley alitembea na barua ile mfukoni wiki mbili. Alhamisi ya pili akaenda maktaba. Ijumaa asubuhi alikuja dirishani kwangu kabla sijafungua pazia, akasimama upande wa wateja, kofia mkononi.

“Bi Sharpe,” akasema, “si hatua.”

Sikumwelewa. Akanieleza. Kile kipande cha mbele hakihusiani na mguu wala ngazi. Ni neno jingine, la zamani sana, lililokufa kila mahali isipokuwa hapo, na maana yake ilikuwa kufiwa, kunyang’anywa mtu wako. Lilianza kwa mtoto. Mtoto wa namna hiyo alikuwa ni yatima, basi. Baba wa namna hiyo alikuwa baba wa yatima. Baada ya karne nyingi neno la kufiwa likachakaa mpaka likafanana na neno la hatua, na watu wakasahau kwamba yalikuwa mawili.

“Miaka ishirini na moja,” akasema. “Nimeandika habari za penseli.”

Ndipo akanisimulia ile jioni ya soseji. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mfululizo. Nikamuuliza kama ataliandika gazetini. Alikuwa ameshaliandika, akanipa nilipige taipu, nikalipiga, kisha akaomba karatasi zote mbili akazitia mfukoni. Wiki ile safu ilitoka na habari nyingine. Yule mama wa Mablethorpe alijibiwa na Hedley kwa faragha, kwa barua. Nikamshauri amwandikie Thelma, akatikisa kichwa. Alisema kati yao barua haifai, ingawa hajui kwa nini.

Aliamua kwenda. Jumamosi moja ya Machi alipanda basi mpaka Grimsby, treni mpaka gati la New Holland, na kutoka hapo ile meli ya mvuke ya zamani inayopiga maji kwa magurudumu ya ubavuni. Maji yalikuwa yamekupwa. Katikati ya mto meli ikakaa juu ya tope, kama ilivyokuwa kawaida yake, na abiria wakashuka vyumba vya chini kunywa chai wakisubiri maji yajae. Hedley alibaki juu kwenye ubaridi saa moja na nusu, akirudia kimoyomoyo atakachosema. Alikuwa amekipanga katika aya tatu.

Thelma alikuwa akikaa katika nyumba ya safu karibu na barabara ya Holderness, peke yake. Alikuwa ameposwa mara moja na jambo hilo likafa. Alikuwa na miaka thelathini. Alipofungua mlango akamwona yule mzee mrefu mwenye kofia, aliuliza nani kafa. Hedley akasema hakuna. Akaambiwa basi aingie, anaingiza baridi.

Kilichosemwa jikoni ninakijua kwa sababu Hedley alinisimulia Jumatatu yake, na Thelma alinisimulia miaka minane baadaye, na tofauti ilikuwa ndogo. Hedley alitoa aya zake tatu, kuanzia kamusi hadi yatima. Thelma alimsikiliza kama wanavyosikiliza watu wa simu, bila kuingilia, macho yamekaa pembeni. Alipomaliza, Thelma akamwaga majani ya chai, akaweka mengine.

“Umevuka mto mzima kuja kuniambia neno.”

“Ndiyo.”

“Ningeambiwa hilo nikiwa na miaka tisa, ningelia wiki nzima. Sijui kama lingenisaidia.” Akakaa. “Mimi sikuwa na shida na kidato, Hedley. Nilikuwa mtoto, watoto husema lolote. Shida yangu ilikuwa ile barua.”

Hedley akauliza barua gani. Alikuwa anauliza kweli. Thelma sasa akamtazama usoni.

“Nilikuandikia kurasa nne. Ukurasa wa tatu nilikwambia kwamba silali. Kwamba kila siku kazini najifungia chooni nalia, kwamba namsikia mama kwenye laini, kila mwanamke mwenye sauti nzito akisema halo nafikiri ni yeye. Nilikuuliza kama naweza kurudi nyumbani. Ukanirudishia. Pale niliposema naweza kurudi, uliongeza alama ya kuuliza.”

Hedley aliniambia kwamba hapo alisikia sikio lake zima likivuma, akadhani na lenyewe linakwenda. Alijaribu kukumbuka ukurasa wa tatu na hakuweza. Aliweza kukumbuka koma.

“Sikuisoma, Thelma,” akasema. “Niliisahihisha.”

“Najua. Ndivyo nilivyofikiri.”

Akamuuliza kama bado anayo. Thelma akasema aliitia motoni siku ile ile. Basi Hedley akamwomba amwambie yaliyokuwamo, yote, tangu ukurasa wa kwanza, yeye atakaa kimya. Thelma akakataa. Alisema msichana yule hayupo tena, miaka kumi na mbili sasa, na hamjui vizuri tena, na hana hamu ya kumsemea. Wakanywa chai. Akampa keki. Akamwonyesha ukuta unaovuja, na Hedley akasema ni mfereji wa paa, na wakazungumza habari za mfereji wa paa kwa muda mrefu, kama zamani walivyozungumza habari za makaa.

Saa ya meli ilipokaribia alivaa koti. Mlangoni akamwambia “sorry”, samahani, neno ambalo sisi hulitumia hata tukigongana bega sokoni.

“Na hilo nalo limetoka wapi?” Thelma akauliza, na Hedley hakujua kama anamdhihaki.

“Kwenye kidonda,” akajibu. “Watu wanadhani ni ndugu ya ‘sorrow’, huzuni. Siyo. Maana yake ya kwanza ni kwamba panauma.”

Thelma akasubiri kidogo, kama alivyozoea, kisha akamwambia aangalie ngazi, zimeganda.

Nisiseme kwamba baada ya hapo mambo yalikaa sawa. Thelma alikuja Louth Pasaka ya mwaka uliofuata, akalala siku moja na nusu, na Hedley alinikiri kwamba walikaa sebuleni kama watu wawili wanaomsubiri daktari. Hedley akaweka simu ukumbini, kifaa alichokiogopa, na Jumapili moja kila mwezi Thelma alipiga baada ya chakula cha mchana. Dakika tano. Mvua, maharage, mfereji wa paa. Hakuwahi kumwita baba. Hedley hakutarajia. Mwaka 1977 alistaafu, na nilipokwenda kumtembelea niliona kwamba sasa alipika mara moja kwa siku mbili na kwamba lile kasha la mwisho la barua lilikuwa halijajaa. Marafiki zake arubaini walikuwa wanakufa, na wengine wapya hawakuja. Alileta makala zake dirishani kila wiki, akasimama upande wa wateja mpaka nilipomkaribisha ndani.

Kisha sikio la kulia likaanza kwenda. Thelma akipiga simu, Hedley alisikia mlio tu, akawa anajibu ndiyo, ndiyo, popote anapodhani pana nafasi. Thelma aligundua siku alipomuuliza anakula nini akajibiwa ndiyo. Simu zikakoma, zikaanza kuja kadi za posta, zile zenye picha ya gati la Hull. Alimwandikia kwenye ya kwanza kwamba amechagua kadi kwa sababu haina pambizo. Hedley alinionyesha. Hakuwa na hakika kama ni utani. Nikamwambia ni utani. Akaifikiria, akaitia mfukoni.

Mwaka 1980 macho nayo yakamshinda, akaacha safu. Mhariri mpya alilijaza lile shimo na fumbo la maneno. Hedley alisubiri kuona kama wasomaji watauliza. Zilikuja barua mbili, moja ya yule mama wa Horncastle, akiuliza swali lake la kila mwaka.

Alifariki Februari 1982, baada ya kuteleza kwenye theluji akitoka bustanini. Alikaa hospitalini siku nne. Thelma alifika ya tatu, akakaa naye, akimwandikia kwa herufi kubwa kwenye karatasi. Sikuuliza aliandika nini. Kanisani tulikuwa watu kumi na mmoja pamoja na padri.

Baada ya maziko Thelma aliniomba nimsindikize mpaka kituo cha mabasi. Meli za Humber zilikuwa zimeshaachwa, daraja jipya limefunguliwa, na basi lingempitisha juu ya maji bila yeye kuhisi kitu. Tulikaa kwenye benchi. Ndipo aliponisimulia upande wake, ule wa jikoni, na alipomaliza akaanza kuniuliza. Maswali madogo madogo. Mchana kazini alikuwa akila nini? Nikamwambia mkate na nyama ya kusaga ya nguruwe, kipande kimoja, amesimama dirishani. Alikuwa akicheka? Nikamwambia mara chache, na akicheka alifunika mdomo. Nani alikuwa akimkata nywele? Alimtaja mama? Nikamjibu yote niliyojua, na niliyoyajua yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani, maana mtu akikaa nyuma ya mlango wako miaka ishirini na kitu, unakusanya.

Basi la saa nane likaingia, likafungua mlango. Dereva akatutazama. Thelma alitazama sanduku lake, lakini hakuinuka. Alisema kuna jingine saa kumi, kama mimi sina haraka. Nikamwambia sina. Akakaza skafu shingoni, akauliza kalamu zile nyekundu alikuwa akizinunua mwenyewe au alikuwa akipewa na ofisi.